Kuponi za Nepi

Bahasha ya kwanza niliiomba mwenyewe. Nilikuwa na mimba ya wiki kumi na moja, na katika supamaketi tuliyozoea, dakika chache kutoka kituo cha treni cha Perry Barr, hapa Birmingham, palikuwa na bango lililosema kwamba mama mjamzito akijiandikisha kwenye klabu yao atatumiwa kuponi kila mwezi. Nilijaza fomu kwenye simu nikiwa bado kwenye foleni. Waliuliza jina, anwani na tarehe ya kujifungua. Nikaandika ile niliyopewa hospitalini, ya mwezi wa tatu, nikalipa, nikaenda zangu.

Mimba iliharibika mwezi wa kumi na moja. Nililazwa siku mbili, mume wangu akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na wiki mbili baadaye nikarudi kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Sare yetu ni pana, na hakuna aliyekuwa amegundua kwamba nina mimba, kwa hiyo hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Nyumbani kwetu Kenya nilikuwa sijamwambia mtu ila mama. Yeye alilia kwenye simu, mimi nikamwambia mvua inanyesha huku, tutaongea baadaye.

Klabu hawakuwa na habari. Bahasha ziliendelea kuja, moja kila mwezi, na kila moja ilianza kwa kunieleza mtoto amefikia wapi. Sasa anasikia sauti yako. Sasa anafumbua macho. Mwezi wa tatu ikaja nene kuliko zote, imeandikwa Hongera kwa maandishi ya duara. Ndani mlikuwa na kuponi za nepi za mtoto mchanga, za losheni, za vitambaa vya kupangusia, na chini kabisa kulikuwa na kuponi nne za matumizi ya nyumba: mafuta ya kupikia, mchele, sabuni ya kufulia, majani ya chai.

"Wapigie simu," mume wangu alisema. "Waambie waache."

"Nitawapigia."

Sikuwapigia. Ningependa kusema ni huzuni iliyonizuia, lakini sababu ya kwanza ilikuwa yale mafuta. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, na chupa tuliyoizoea ilikuwa imegeuka kitu cha kusimama mbele yake na kufikiri. Nilizikata zile nne kwa mkasi nikazitia kwenye pochi. Za mtoto nilizibakiza ndani ya bahasha, na bahasha nikawa nazitia kwenye droo ya vijiko, chini ya vijiko.

Mwezi wa saba nilikuwa kwenye foleni ya keshia, na mbele yangu alikuwa mwanamke wa Kisomali mwenye mtandio mrefu wa kijivu, kigari cha mtoto kikiwa ubavuni mwake. Kuponi yake ilikataliwa. Keshia alimwonyesha tarehe. Ilikuwa imekwisha jana yake. Yule mwanamke alishukuru kwa Kiingereza, kisha akageukia pembeni akanung'unika kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Jana! Yaani jana tu. Na mimi leo ndiyo nimepata nafasi ya kutoka."

Kwenye pochi yangu mlikuwa na bahasha ya mwezi ule, sijaikata bado. Nikachomoa kuponi ya nepi.

"Shika, dada. Hii ni mpaka mwisho wa mwezi."

Aligeuka, akacheka kwa mshangao wa kusemeshwa Kiswahili mahali pale, halafu akaitazama ile karatasi bila kuipokea. "Na wako je? Atavaa nini?"

"Ninazo nyingine."

"Ana miezi mingapi?"

Nilitazama karatasi. Ilikuwa imeandikwa juu kabisa. "Minne," nikasema.

Kwa nini nilidanganya, sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya haya. Swali liliulizwa na jibu lilikuwa mkononi.

Alikuwa amezaliwa Garissa, akakulia Eastleigh, akaolewa Uholanzi, na miaka sita sasa alikuwa Birmingham na mume na watoto wanne. Huyu wa kwenye kigari alikuwa wa mwisho, miezi mitano. Kwa kuwa sote tulikuwa huru siku za Jumatano, tukaanza kwenda dukani pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Kabla yake nilikuwa natumia kuponi kama mtu anayeokota sarafu barabarani; yeye alizitafuta. Alijua gazeti gani la bure la dukani lina kuponi katikati, alijua risiti gani isitupwe, alijua saa wanayopita na stika za njano kwenye friji kupunguza bei, na kwamba kuponi ikikutana na stika ya njano siku hiyo hiyo, hapo ndipo penyewe. Za soseji na nyama ya nguruwe alinipa mimi. Za nepi nilimpa yeye, nusu, ili ionekane nimebakiza.

Siku moja nilichukua mtindi wa aina tusiyokula kwa sababu nilikuwa na kuponi yake. Akaurudisha kwenye friji.

"Kuponi ni mshenga, Mama Mtoto," akaniambia. "Kazi yake ni kusifia. Sasa wewe kila anayesifiwa utaolewa naye?"

Aliniita hivyo, Mama Mtoto, kwa sababu nilikuwa nakwepa kutaja jina. Mtoto huwa nyumbani na baba yake, nilimwambia, baba anafanya kazi usiku. Nusu ya hayo ilikuwa kweli: mume wangu hupakia mizigo ghalani usiku, na mchana hulala. Na akiniuliza mtoto anafanya nini siku hizi, nilijibu kutoka kwenye bahasha. Ameanza kujipindua. Ameanza kutambua sauti. Mwezi wa tisa nilimwambia ameanza kukaa bila kushikwa.

Akamtazama wake, aliyekuwa ameegemea mto ndani ya kigari. "Huyu bado," akasema.

"Watoto hawalingani," nikamwambia. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye bahasha.

Mwezi wa kumi na moja nilirudi kutoka zamu ya asubuhi nikamkuta mume wangu ameketi jikoni, hajalala. Juu ya kiti kingine palikuwa na mfuko mkubwa wa supamaketi umejaa nguo za mtoto, zimefuliwa na kukunjwa. Ya juu ilikuwa sweta ndogo ya kijani yenye vifungo vya mbao.

"Mwenzako wa kuponi amekuja," alisema. "Amesema wake zimembana, ni mkubwa wa mwili, huenda zikamfaa wetu."

Nilibaki nimesimama na koti mwilini.

"Akaniuliza, mtoto yuko?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amelala."

Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alisema tu kwamba alipotamka neno lile aliteremsha sauti, na yule mwanamke naye akateremsha yake, wakaagana kwa kunong'ona pale mlangoni. Alipofunga mlango alikaa pale alipokuwa sasa. Tulikuwa hatujamtaja mtoto kwa mwaka mzima. Siku hiyo tulimtaja mpaka giza likaingia, na mengi aliyoyasema sikuyajua. Kwamba, kwa mfano, wakati mimi nimelala hospitalini alikuwa amemwona, na mimi sikumwona.

Kesho yake niliupeleka mfuko. Mwenzangu anakaa kwenye ghorofa mpya upande wa pili wa barabara kuu. Binti yake mkubwa alifungua mlango, akamwita mama yake kwa Kiingereza kwamba yule mama wa kuponi amekuja. Nilimwambia nikiwa bado kwenye korido, ili nisije nikapewa chai kwanza.

"Sina mtoto, dada. Mimba iliharibika mwaka jana. Kuponi ziliendelea kuja tu."

Alitazama mfuko, kisha mimi.

"Minne, mitano, sita," akasema. "Umekuwa ukinihesabia."

"Ndiyo."

"Mimi wangu nilimpeleka kwa nesi. Unajua? Wako amekaa, wangu hajakaa, nikasema huyu ana tatizo. Wiki mbili silali, namtazama mgongo. Nesi akaniambia, mama, huyu mzima kabisa, nani amekutisha? Nikamwambia hakuna."

Nilisema nisamehe. Akasema Mungu ndiye wa kusamehe. Akapokea mfuko, akafunga mlango polepole. Ningependelea angeubamiza.

Wiki hiyo nilipiga simu klabu. Alipokea msichana mwenye sauti changamfu, akasema anasikitika ninajitoa, na ili anitoe anahitaji kuchagua sababu kwenye orodha yake. Akanisomea: umehama, unanunua duka jingine, mtoto amekua, unapokea barua nyingi mno. Akangoja.

"Nimehama," nikasema.

Jumatano tano nilikwenda dukani peke yangu. Bila zile bahasha nilinunua pungufu na nikalipa zaidi, na nilirudi nyumbani mapema. Jumatano ya sita alikuwa mbele ya friji, bila kigari, anapekua vifurushi vya kuku. Nilifikiri kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Siagi wameipunguza," akasema, bila salamu. "Chukua mbili. Kuponi ninayo moja tu, lakini inakubali mbili."

Nikachukua mbili. Tulipita njia zote za duka kama zamani, ila bila kuzungumza sana, na kwa keshia alitoa kuponi zake akazigawa katikati yetu. Hakuniita Mama Mtoto. Hakuniita kitu.

Kwenye kituo cha basi kulikuwa na upepo, tukasimama tumeupa mgongo. Yeye alikuwa anakwenda Balsall Heath kununua nyama, mimi nilikuwa nashukia mjini.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" aliniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mama hakuuliza, wala daktari, aliyeandika tu na kunipa karatasi.

"Wa kike."

Alitikisa kichwa taratibu, akasema maneno ya Kiarabu kwa sauti ya chini, yale wanayomsomea maiti. Kisha basi likaja. Tulipata viti karibu na dereva. Aliweka mifuko katikati ya miguu yake akaanza kunieleza kuhusu mwenye bucha ambaye Jumatano akiona jua linazama na nyama bado ipo, hupunguza bei ya mbuzi bila kuombwa, na kwamba kama sina haraka mjini niende naye nikamjue.

Sikuwa na haraka.