Tiketi Yenye Sura ya Crispín

Wifi yangu Eduviges ana hasira tangu nimjue, na sijawahi kumwona akikosa sababu. Miaka yote anakwangua miiba ya nopali, yale majani ya dungusi yanayoliwa kama mboga, soko la Merced, vidole vimejaa vidonda, na bado mteja atamnunia apunguze bei. Baba yake, Crispín, alikuwa mchimbaji wa mahandaki ya metro hapa Mexico. Udongo ukamfukia humo, Eduviges akiwa bado mtoto. Mkandarasi alileta nyumbani viatu tu. Picha ya marehemu hawakuwa nayo hata moja, na sura yake ilikuwa imeanza kumtoka Eduviges kichwani.

Asubuhi moja tulikuwa kituo cha metro, tunakwenda sokoni. Metro ilikuwa imetoa tiketi za ukumbusho, zenye picha ya wachimbaji wa zamani. Eduviges akanunua yake, akafika getini, akaganda.

"Wifi! Huyu wa nyuma, mwenye ndoo. Ni baba!"

Geti lile halirudishi kitu. Likishasoma mstari wa sumaku mgongoni mwa tiketi, linaimeza moja kwa moja. Eduviges akaurudisha mkono, lakini askari kijana alikuwa amekwishamfikia.

"Mama, unazuia watu. Lete nikusaidie."

Akainyakua, akaitumbukiza.

"Fungua hilo dude!" Eduviges akapiga kelele. "Fungua, mwanaharamu we!"

"Zikishamezwa ni za kusagwa, mama. Kanunue nyingine."

Nilikimbia dirisha la tiketi. Zile zimeisha, nikaambiwa, sasa zipo za maua. Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Unamwekaje mtu aliyekufa kwenye kitu kilichotengenezwa kiliwe na mashine?

Niliporudi, Eduviges alikuwa amejibana katikati ya geti, hasogei. Foleni inazomea.

"Bibi, kalilie kwako!" akafoka bwana mmoja mwenye tai. "Wenzio tuna kazi!"

"Na baba yangu, huyo kwenye tiketi yako, alikuwa na kazi! Hilo shimo unaloshukia kila siku kachimba nani? Mama yako?"

Watu wakacheka. Bwana akaiangalia tiketi iliyokuwa mkononi mwake. Nadhani hakuwa ameitazama kabla ya hapo.

"Yupi?"

"Mwenye ndoo."

Akaitazama tena, akamnyooshea. "Chukua, mama. Mimi nitanunua ya maua."

Eduviges aliifumbata, akamgeukia yule askari, na ngumi akaiinua mpaka usawa wa pua ya kijana.

"Haya, kijana. Njoo unisaidie tena."