Dereva wa Nyuma ya Shuka

Hili jambo huwa silisemi, na mume wangu akitaka kulisimulia mbele ya watu namkata jicho mpaka ananyamaza, lakini leo nalisema mwenyewe maana nimechoka kuona aibu peke yangu.

Tulikuwa na studio ya kutengeneza magemu pale Tunduma, mimi na mwenzangu wa kazi, Braiton. (Nikisema studio msifikirie makubwa, kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la spea, kompyuta mbili, na feni isiyozunguka mpaka uipige kofi.) Miaka miwili tulitengeneza gemu moja tu, la mbio za malori kutoka mpakani mpaka Mlowo, yeye anachora, mimi naandika programu, na lori likigonga kitu inasikika sauti ya Braiton ikisema, "Pole, dereva." Simu za kupangusa ndiyo kwanza zinaingia mjini, tukampata mgeni kutoka upande wa Zambia, mtu wa kuweka magemu kwenye simu. Akilikubali, tunaendelea. Akilikataa, tunafunga chumba, tulishakubaliana hivyo.

Sasa kosa langu. Baba mkwe wangu ni Mndali wa Ikinga, kule milimani Ileje, na kila akimpigia simu mume wangu lazima aulize, "Huyo mkeo bado anacheza?" Ikaniuma. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie baba siku ya kumwonyesha mgeni aje ajionee." Nilisema kwa maringo tu, nikijua mvua imeharibu barabara na mzee hatoki. Maana kwao mke hakutani na baba mkwe uso kwa uso, ukimsikia anakohoa njiani unaingia hata kwenye migomba apite, na mimi Mnyiha wa Isansa nilifundishwa hayo siku ya kuolewa na miaka sita sikuwahi kukosea.

Siku ikafika. Tumekodi ukumbi, projekta ya kuazima, na kwa kuwa ukuta ulikuwa na rangi ya bluu tukatundika shuka langu jeupe la kitandani kwenye kamba, hatua chache mbele ya ukuta. Watu wamejaa, mgeni ameketi, mimi nimeshika kibodi, mlango unafunguliwa na anaingia mzee wa koti refu na fimbo, anakuja moja kwa moja mstari wa mbele, mume wangu nyuma yake anatabasamu (anadhani ameniletea zawadi, mwiko kausahau). Sikufikiri mara mbili. Nikaingia nyuma ya shuka na kibodi yangu, waya unanifuata.

Braiton akaja kuninong'oneza, "Dada, nipe mimi niendeshe, wewe pita mlango wa nyuma."

"Utaniharibia," nikamjibu. Nimeliandika mimi, sifa achukue nani?

Nilichosahau (na ndiye mtaalamu wa kompyuta huyo) ni kwamba ukitazama picha kwa nyuma ya shuka, kulia inakuwa kushoto. Kona ya kwanza naiona inakata kulia, nabonyeza kulia, lori linaingia sokoni kwenye nyanya. "Pole, dereva." Nalivuta huku, linazama mtaroni. "Pole, dereva." Nilipokuja kugundua, vidole vimeshachanganyikiwa, najisahihisha nakosea upya, nikavunja geti la mpaka na kubomoa vibanda vyote vya kubadilishia kwacha.

Mgeni akauliza taratibu, "Hii gari, usukani wake uko sawa?"

"Uko sawa, bosi," Braiton akasema. "Ila dereva ana mkwewe hapa."

Mgeni hakuelewa. Akainuka, akavuta pindo la shuka amwone huyo dereva, na kamba ikakatika.

Nikajikuta hatua tatu kutoka kwa baba mkwe, mwanga wa projekta usoni. Nikaitupa kibodi, nikalinyakua shuka nikajifunika gubigubi, kumbe nimekuwa skrini mimi mwenyewe, lori likanipanda tumboni. "Pole, dereva." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakimbia bila kuona, nikapiga bega kwenye fremu ya mlango, nikatoka nikachuchumaa nje chini ya dirisha.

Mgeni akaaga kwa heshima, akasema atapiga simu, akavuka mpaka. Ndipo nikamsikia baba mkwe ndani, "Hebu niletee mimi hicho kidude." Wakawasha, picha kwenye ukuta wa bluu hivyo hivyo. Aliendesha polepole (Braiton alinihadithia baadaye), kona moja baada ya nyingine, akafika Mlowo hajagonga hata kuku, watu wakampigia makofi. Kisha akaligeukia dirisha na kumwambia mume wangu kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mwenzako kitu chake ni kizima."

Nililia ndani ya shuka lile. Simu haikupigwa, chumba tukakifunga. Kicheko nilishakisamehe, lakini gemu halikuwa na kosa lolote, na aliyejua hivyo alikuwa mzee wa Ikinga ambaye siruhusiwi hata kumshukuru. Nimeapa: nikitengeneza kitu tena, siku ya kukionyesha nitakaa nyumbani, aende Braiton.