Usukani wa Kulia

Zadock, mlinzi wa ghala moja la bandari ya Jebel Ali, Dubai, alilizunguka mara tatu gari kuukuu lililoletwa humo, lililoundwa 1907. La Kimarekani, na usukani uko kulia kama kwao Kenya!

"Huu wameuhamisha," alibisha. "Mnadhani sijui magari?"

Jecinta, karani wa ghala, akamsomea karatasi za gari: enzi hizo Wamarekani wengi waliuweka kulia. Waliolitengeneza ni ndugu wawili, mafundi baiskeli. Waliunda magari arobaini tu, karakana ikafungwa.

Karakana ya Zadock ya baiskeli kule Busia ilifungwa pia, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Alipotoka zamu akampigia simu dada yake aliyeko Busia. "Fridah, ile baiskeli niliyomuundia mwalimu, bado inatembea?"