Ganzi ya Fundi Viatu

Fundi viatu aliibiwa miguu yake polepole. Vidole vilianza kufa ganzi, kisha nyayo, mpaka siku moja akatoka nje na ndara moja, nyingine imebaki ndani, na yeye hana habari.

Daktari wake alikuwa kwenye televisheni. Katika mchezo wa hospitali aliouangalia peke yake kila jioni, aliletwa mzee mwenye ganzi kama ile. Madaktari wakabishana weee, mwisho wakasema: kisukari. Fundi akaguna, "Basi ndio huo." Hapakuwa na wa kumbishia; mkewe alikuwa kaburini mwaka wa pili. Akaacha sukari. Alikunywa chai chungu miezi mitatu, lakini ganzi ikafika mikononi, sindano ikawa inamponyoka. Na fundi asiye na vidole atamshonea nani?

Ndipo akaenda zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole, akasoma kipimo.

"Baba, sukari yako haina neno."

"Haiwezekani. Nimeona kwenye televisheni."

"Yule daktari hajakunusa, baba. Unanuka gundi."

Akamweleza kwamba neva ndefu ndizo huumia kwanza, ndiyo maana miguu hutangulia. Kisukari hufanya hivyo, na mvuke wa gundi nao hufanya vilevile. Nyayo zinafanana, mwizi ni mwingine.

"Unafanyia kazi wapi?"

"Chumbani. Nafunga mlango na dirisha."

"Kwa joto hili?"

"Vumbi," akasema fundi. Hakusema kwamba tangu msiba, wapita njia humwuliza kama ameshazoea, ndiyo maana hujifungia.

"Toa benchi nje. Gundi achana nayo, shona kwa uzi. Tena usishtuke: ganzi inaweza kuzidi kwanza ndipo ipungue. Neva hazina haraka."

Kesho yake akakaa nje. Watu wakapita. Karibu na adhuhuri jirani mmoja, shoga wa marehemu mkewe, akasimama.

"Kumbe upo, shemeji? Sisi tulidhani umehama."

"Nipo."

Jirani akaenda kwake, akamletea kiatu kilichoachama mdomo.

"Mikono yangu mizito siku hizi. Kitachukua siku nzima."

"Basi nitapita jioni."

Akaenda zake. Fundi akatunga uzi, ukakosa tundu. Akatunga tena, ukakosa. Jioni ilikuwa mbali bado. Akalamba ncha ya uzi, akaanza upya.