Jeshi Lisilo na Mama

Kasimiro alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu wa Kampala atacheka mpaka akae chini. Katika kibanda cha video cha Zulaika, nyuma ya soko la Koboko, alikaa pembeni ya televisheni ameshika maiki, na kila Mzungu aliyefungua mdomo kwenye picha, Kasimiro ndiye aliyesema. Kiingereza alikipata shuleni Arua, akafika kidato cha pili, kisha mwaka wa sabini na tisa vita vikaja na shule ikageuka kambi. Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha jeshi na soko, ambacho mwalimu wa pwani akikisikia anashika kichwa. Lakini siku ya soko watu walisukumana mlangoni, na spika ya pembe iliyofungwa juu ya paa ilipeleka sauti yake hadi kwa wauza ng'ombe.

Alikuwa na sharti moja. Kila anayeonekana kwenye picha lazima apewe jina, na jina la hapa hapa. Jemadari wa Kizungu aliitwa Yugu, jambazi aliitwa Lado, hata farasi alikuwa na jina lake. Zulaika alimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua na watu wanaotokea mara moja na kufa. Kasimiro alimjibu kwamba mtu asiye na jina hakuna wa kumlilia. Zulaika, binti wa mji, Mnubi wa tangu na tangu, alimwambia haya, jisumbue, mradi watu wasirudi makwao.

Mlangoni, chini ya ile spika, aliuza chai mama mmoja aitwaye Keji. Huyu Keji alikuwa anamngoja mwanawe Loro tangu mwaka wa themanini na moja, na sasa tulikuwa tisini na mbili. Kila lori lililotoka mpakani Oraba limebeba wakimbizi wanaorudi kutoka Sudan, Keji aliacha birika jikoni akaenda kutazama nyuso moja moja. Matanga hakuweka, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwanawe amekufa. Huku kwetu ukiweka matanga, lazima asimame mtu mmoja mbele ya ukoo aeleze marehemu alikufaje, aliumwa nini, nani alikuwa karibu. Keji hakuwa na mtu huyo. Au tuseme alikuwa naye, na kila asubuhi alimpa chai na mihogo ya kuchemsha, maana mtu huyo alikuwa Kasimiro.

Nisimpambe. Kasimiro alikuwa mwongo, na jambo alilolificha lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

Ilikuwa hivi. Watu wote walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya mto Kaya, upande wa Sudan, njaa ikawabana, na vijana wakaanza kuvuka kurudi mashambani kuchimba mihogo yao wenyewe. Siku moja mchana walizingirwa na watu wenye bunduki. Hawakuwa wanajeshi wa serikali, walikuwa wakombozi, wenyewe walijiita hivyo, na mkubwa wao alikuwa Afande Sebit. Walikamata vijana ishirini na wawili wakawafunga kamba moja kiunoni. Kasimiro alifungwa wa kumi na nne, Loro wa kumi na tano. Sebit alisema majina yanamchelewesha, kuanzia leo kila mtu ni namba yake. Kisha akatuma salamu kambini kwamba vijana wamejitolea.

Kila asubuhi Sebit aliwahutubia. Aliwaeleza jinsi babu yake alivyotolewa kwao Sudan kwa kamba, akapewa bunduki ya mtu mwingine, akapigana vita vya mtu mwingine mpaka akazeeka hajui kaburi la mama yake. Machozi yalimtoka Sebit, tena machozi ya kweli, Kasimiro aliyaona. Alisema tunapigana ili katika nchi hii mtu asifungwe kamba tena. Halafu akajifuta uso, akasema, "Kumi na nne, beba risasi. Kumi na tano, beba mtoto ya mzinga." Mtoto huyo alikuwa kitako cha mzinga, mzigo wa watu wawili.

Kwenye daraja lililolindwa na wanajeshi wa serikali, waliwatanguliza mbele bila silaha ili adui amalize risasi zake. Walikufa tisa kwa muda wa kuvuta sigara moja. Mmoja alikatwa tumbo, akaanguka na kamba ikawavuta waliobaki, wakamburuta mpaka ng'ambo akiwa bado analia. Jioni redio ya wakombozi ikatangaza ushindi wa Afande Sebit.

Siku ya tatu baada ya daraja Loro akakata kamba akakimbia, akakamatwa kabla ya saa sita. Sebit hakumpiga kwa mkono wake. Aliwapa waliobaki fimbo za kuni na kusema kila namba ipige, na itakayokataa italala naye hapo. Wakapiga. Loro aliwapigia kelele mmoja mmoja, mbavu zikivunjika, mdomo umejaa damu na meno. Zamu ya Kasimiro ilipofika Loro alimtazama akamwita kwa jina lake, "Kasimiro, piga haraka." Kasimiro akainua fimbo akapiga kichwa kwa nguvu zake zote, mara moja, na ikawa basi. Hawakuruhusiwa kumfukia.

Vita vilipoisha, wa kamba ile alirudi Kasimiro peke yake. Sebit alitoka porini kwa heshima zote, akapokewa kwa ngoma, akapewa kiti cha mbele kila penye mkutano. Keji alipomuuliza mwanawe yuko wapi, alisema Loro alivuka na kikosi kingine, shujaa yule, atarudi. Keji akamgeukia Kasimiro. Kasimiro akasema, "Ndiyo mama, tulitenganishwa mtoni." Baada ya hapo akashindwa kuona pa kuanzia kusema kweli, na kila asubuhi akaendelea kunywa chai ya yule mama.

Sasa Jumamosi moja, mchana wa soko, Zulaika akaleta mkanda mpya kutoka Arua, picha ya vita vya nyotani. Sebit alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, maana picha za vita alizipenda kuliko chakula. Kasimiro hakuwahi kuuona mkanda ule. Alishika maiki, akaanza.

Kwenye picha ile palikuwa na watu wema wa dunia ya buluu, ndugu wawili, kaka na dada, wazuri, wanapigana na mfalme wa vumbi aliyetaka kuwatawala watu wote wa nyota. Kaka akawa Yugu, dada akawa Madinah. Kila mara walisema habari za uhuru. Lakini jeshi lao lilikuwa la watu waliokuzwa ndani ya mapipa, mamia kwa mamia, sura moja, namba kwenye paji la uso. Walitolewa kwenye pipa asubuhi, mchana wakatangulizwa mbele ya moto. Waliungua, wakakatika, wakaanguka mmoja juu ya mwenzake, na Yugu akapita juu yao na upanga wake wa mwanga. Chombo chake cha kurukia kilipolipuka, Yugu alipiga magoti akalia. Kwa wale wa mapipa hakulia hata kidogo. Kibanda kizima kilipiga makofi, na Sebit alipiga zaidi ya wote.

Kasimiro alikuwa na sharti lake, na mdomo uliozoea kazi haungoji kichwa. Wenye namba walikuwa wengi, majina aliyozoea yakamwishia. Akaanza kutoa yaliyokuwa ndani kabisa. "Huyu anayeungua ni Santo. Huyu aliyekatwa tumbo ni Yakubu. Anawavuta wenzake kwa kamba." Kamba haikuwepo kwenye picha. Vijana wakadhani ni utani wakacheka. "Huyu anakimbia," akasema Kasimiro, jasho linamtoka, "huyu ni Loro. Wamemkamata. Loro amekufa."

Spika ya pembe ililipeleka jina lile soko zima, na Keji alikuwa amekaa chini yake.

Aliingia na kitambaa cha kushikia birika mkononi. Alisimama mbele ya televisheni, watu wakamzomea atoke, hakutoka. Aliitazama ile picha, mara yake ya kwanza kuangalia picha maishani, akaona wale wenye namba wanavyomwagwa kwenye moto.

"Hii watu iko na namba," alisema, "nani iliwauliza kama wanataka?"

Sebit akacheka kwa upole, kicheko cha mkubwa kwa mzee. "Mama Keji, kaa chini. Hao ni watu ya kutengenezwa. Hao hawana mama."

Kasimiro aliposikia maneno yale aliiacha picha akamgeukia Keji, na mimi naamini ilikuwa hasira, si ujasiri, kwa sababu ujasiri angekuwa nao tangu zamani. Maiki bado ilikuwa mdomoni. "Mama, Loro hakuvuka," alisema. "Alifungwa kamba pamoja na mimi. Afande Sebit alitufunga. Loro alikimbia, Afande akasema tumpige, tukampiga mpaka akafa." Nje, wauza ng'ombe waliacha bei wakaigeukia spika.

Sebit hata hakusimama. Alikuwa mtu wa vita, alijua pa kupiga. "Fimbo iliyomuua ilikuwa kwa mkono ya nani?" aliuliza. "Sema kwa maiki, watu wasikie."

"Yangu," alisema Kasimiro.

Basi. Unadhani walimrukia nani? Walimrukia Kasimiro. Vijana wale wale waliokuwa wakimshangilia walimvuta kwa shati, wakamwangusha kati ya mabenchi, wakampiga kwa viatu na kwa mguu wa benchi, muuaji, muuaji. Mkono wake wa kushoto ulivunjika juu ya kiwiko, na mfupa ukaonekana. Jicho likavimba likafumba. Zulaika alijitupa kati yao akapigwa naye. Sebit alibaki kwenye kiti chake anatazama, na picha nyuma yao iliendelea kuungua bila mtu wa kuisemea.

Aliyewazuia ni Keji. Alitoka akarudi na kijinga cha moto kutoka jikoni kwake, akamchoma mmoja mgongoni, akamchoma wa pili shingoni, mpaka wakamwachia. Alikaa chini kwenye vumbi karibu na kichwa cha Kasimiro.

"Loro alisema nini?" aliuliza.

"Alisema, Kasimiro, piga haraka."

"Ulipiga haraka?"

"Nilipiga haraka, mama. Mara moja tu."

Keji alitikisa kichwa pole pole kama mtu anayepokea hesabu ya mavuno. Hakulia hapo. Alisema, "Jumatatu naweka matanga. Utakuja kusimama." Akainuka akaenda kuzima jiko lake.

Ukoo ulikusanyika Jumatatu, watu wengi, na Sebit naye alikuja amevaa kanzu nyeupe. Mnashangaa? Watu walimpisha, wakampa kiti chenye mto. Alitoa pole, akasema machache kuhusu mashujaa waliomwaga damu kwa ajili ya uhuru wetu, na baadhi ya wazee wakasema amina. Kisha Kasimiro akasimama, mkono umefungwa kwa vijiti, akaeleza yote tangu shamba la mihogo. Hakujitoa. Alionyesha kwenye kichwa chake mahali fimbo ilipopiga. Alipofika kwa aliyetoa amri, alinyoosha mkono mzima kumwonyesha Sebit. Wazee walitazama chini. Mmoja akasema haya, tuleni, chakula kinapoa.

Kikagawiwa ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi. Keji, kichwa kimenyolewa, alitoka ndani ya nyumba akaenda moja kwa moja kwa Kasimiro, akachukua sahani yake akaimwaga chini. Kasimiro alijua anastahili. Keji akatembea mpaka kwenye kiti chenye mto, akachukua sahani ya Sebit mapajani mwake, akaimwaga pia, mchuzi ukaruka kwenye kanzu nyeupe.

Kwa Kasimiro hakuna aliyeenda. Kwa Sebit walikimbia wawili kumletea sahani nyingine, yenye nyama zaidi, wakimwomba radhi, afande samehe, mama ana uchungu. Keji aliwangoja waiweke. Akaichukua, akaimwaga. Akabaki amesimama mbele ya kile kiti, mikono imeshuka, anamtazama Sebit usoni, na aliyekuwa anapakua jikoni akaweka mwiko chini. Sahani ya tatu hakuna mtu aliyeileta.

Sebit akakung'uta kanzu, akaondoka. Kasimiro alikaa mpaka jioni bila kula, na hakuna aliyemwambia aondoke.