Bihogo Amebadili Ngozi

Shemeji yangu Hagenimana ni mwekezaji. Nasema mapema ili usije ukadhani ni mtu asiye na kazi, kosa ambalo wengi hapa Kasenga, mtaani kwetu Uvira, hulifanya wanapomwona ameketi mchana kutwa kando ya cherehani yangu akitazama simu. Mimi ni fundi wa nguo, dada mdogo wa mke wake Léa, na kibaraza changu kina kivuli kizuri, kwa hiyo ofisi yake ikawa pale. Wateja walikuja kupimwa magauni wakaondoka wameelezwa bei ya dhahabu huko Dubai. Wengine hawakurudi.

Zamani alikuwa mfugaji. Alizaliwa milimani juu, ambako mtu hutambulika kwa zizi lake, na zizi lake lilikuwa la kutajwa mpaka vita vilipolifagia. Aliposhuka Uvira na familia alikuwa amebakiwa na ng'ombe jike mmoja tu, Bihogo, wa rangi ya kahawia iliyokolea, aliyemchungisha kwa Itangishaka, mkulima wa Lubarika. Kuchungisha kwa watu wetu kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: anayechunga ndiye anayetafuta majani, kwa hiyo maziwa ya kila siku ni yake, na mwenye ng'ombe huchukua ndama. Hakuna karatasi wala sahihi. Iweke kichwani sheria hiyo, maana shemeji yangu aliipeleka mahali ambapo haijawahi kufika.

Na Bihogo hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Irakiza, binti yao mkubwa, aliolewa Kalundu na kijana anayeitwa Tuyizere, ambaye ukoo wake nao ulishuka kutoka milimani. Mahari ilitolewa ng'ombe, wakagawiwa wajomba na baba wadogo kama ilivyo desturi. Baada ya hapo baba wa binti naye hudaiwa indongoranyo, yaani ng'ombe anayerudishwa kwa nyumba changa ili wajukuu wapate maziwa. Hagenimana alisimama mbele ya watu wote, akamtaja Bihogo kwa jina, akaahidi kumleta siku mjukuu wake wa kwanza atakapopewa jina. Binti ambaye baba yake hakumleta ng'ombe huyo hapigwi wala hafukuzwi. Anakumbushwa tu kidogo kidogo, kila watu wanapokaa kunywa chai, mpaka anazeeka.

Basi ilianza dhahabu. Hagenimana alikuwa akinunua vumbi la dhahabu kwa vijana waliotoka machimboni, kidogo kidogo, likipimwa kwenye mizani ndogo huku upande wa pili vimewekwa vijiti vya kibiriti. Bei ikapanda, hakuuza. Ikapanda tena, akacheka. Nilipomuuliza anangoja nini, alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, ng'ombe yenye inanenepa, muntu anaiuzisha?"

Aliihifadhi katika kichupa cha dawa. Lakini mfugaji wa heshima hamfichi mgeni zizi lake, na wageni Kasenga hawaishi. Kila aliyeingia, awe mchungaji wa kanisa au muuza maandazi, alimiminiwa dhahabu kiganjani, akaisifu, akaigeuza kwa kidole, akairudisha. Kila kiganja kilibaki na zaka yake. Alipoamua hatimaye kuipeleka kwa mnunuzi, mizani haikutikisika sana. Hagenimana alirudi amekasirika, akasema mizani za mjini zote ni za wizi.

Hapo ndipo alipojitokeza Toussaint, ambaye ana kibanda cha simu na fotokopi kando ya barabara na suti moja ya kijivu ya kuwapokea wafugaji. Alimweleza kwamba dhahabu ya ardhini ni ya wazee. Siku hizi kuna fedha isiyoshikika, inayoishi ndani ya simu, na inachimbwa na mashine.

"Mashini njo inachimba, Papa," Toussaint alimwambia. "Weye unalala tu."

Sehemu ya pili ya maneno hayo ilimwingia shemeji yangu moyoni moja kwa moja. Mimi, mjinga wa kibarazani, niliuliza inachimba wapi.

"Ndani ya enternete," alisema Hagenimana.

"Na kule kuna udongo?"

"Shemeji, weye shona tu nguo."

Nilishona. Alikwenda Lubarika akamuuza Bihogo kwa Itangishaka yuleyule aliyemchunga, akapitia kwa Toussaint, akarudi na mashine. Ilikuwa sanduku la chuma lenye feni mbele na feni nyuma, iliyochoka huko ilikotoka. Kazi yake, kama nilivyoelezwa, ilikuwa kushindana na mashine nyingine zote za ulimwengu kufumbua mahesabu, na wanaofumbua hulipwa chembe ya ile fedha. Mashine za wenzetu zilikuwa mpya, zimejaa maghala na maghala. Sisi tulikuwa na yetu moja, na imani.

Dada yangu aliuliza jambo moja tu: Bihogo yuko wapi.

"Bihogo haikuuzwa," alijibu Hagenimana. "Imebadili ngozi."

Akaipa mashine jina hilohilo, Bihogo. Léa alimpikia bugali bila mboga wiki nzima, na Hagenimana akala kwa utulivu wa mtu ambaye kesho atakuwa tajiri. Irakiza wakati huo alikuwa na mimba ya miezi michache. Hakuna aliyetaka kumwambia kwamba ng'ombe wake sasa anatumia umeme.

Bihogo wa chuma alilia kuliko yeyote wa milimani. Aliunguruma mpaka wanakwaya waliofanya mazoezi ukuta wa pili wakaja kuuliza kama tunasaga mihogo. Tena Kasenga umeme huja ukipenda, na ukija haukai. Mashine ilizimika, ikawaka, ikazimika, mpaka Léa akaibeba mwenyewe na kuiweka nje. Ndipo Hagenimana alipomkumbuka mama mkwe wa Irakiza.

Émérance, mama yake Tuyizere, ni mjane anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nyumba yake ni karibu na bandari ya Kalundu, ambako umeme hukatika kwa adabu kidogo, na alikuwa na chumba cha stoo kisicho na kitu. Tulikwenda pamoja, mimi nimebeba nyaya. Wazazi ambao watoto wao wameoana huitana bamwana, na huongea kwa heshima kubwa, hasa pale mmoja anapodaiwa ng'ombe na mwenzake.

"Bamwana," alianza Hagenimana, "nimekuletea Bihogo umuchunge."

Émérance aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Inakula nini?"

"Umeme."

"Na majani ni ya nani?"

"Si weye njo muchungaji? Majani ni yako. Maziwa yako, ndama yangu. Namna ya bazazi betu."

"Bamwana, hii mashini maziwa yake njo nini?"

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini shemeji yangu alikuwa amefurahishwa na maneno yake mwenyewe, na mtu akishafika hapo hazuiliki.

"Kila kitu chenye kinatoka kwake kila siku, ni chako," alisema. "Minye nataka ndama tu, ile ya mu simu."

Émérance alikubali kwa kuinamisha kichwa. Nadhani alikubali kwa ajili ya Irakiza, ili asiwe mtu wa kwanza kumwaibisha baba yake. Wakapeana mikono, na kwa watu wetu hilo limekwisha.

Miezi ikafuata ya Hagenimana kutazama simu. Ndama alikuwa pale, kidoti na sifuri nyingi na vitarakimu mwishoni, akikua kama ukucha. Kuna siku alitaka kumtoa, akaambiwa na simu kwamba ndama wa umri huo haruhusiwi kutoka, lazima afike kiwango, na akitoka atalipa njiani zaidi ya thamani yake mwenyewe. Hagenimana alisema hiyo ni dalili nzuri, benki nazo hufanya hivyo. Mimi nilikuwa napinda suruali, sikusema kitu, na kwangu hilo ni kazi ngumu.

Kisha mvua zikaja. Wauza ndagala huchukia mvua kwa sababu ndagala huanikwa juani, na jua lisipotoka wanaoza na kutupwa. Msimu ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Kalundu nzima ilinuka. Halafu tukaanza kusikia kwamba kuna mwanamke mmoja ana ndagala wakavu wanaolia mkononi, na kwamba wanunuzi wanampigia foleni.

Hagenimana hakuunganisha habari hizo na mashine yake. Alichoona ni kwamba ndama amepunguza kukua, akahisi mchungaji hampi Bihogo majani ya kutosha. Tukapanda pikipiki hadi Kalundu. Alifungua mlango wa stoo mwenyewe, bila kubisha, na upepo wa moto ukatupiga usoni.

Chumba kizima kilikuwa vitanda vya nyavu, kimoja juu ya kingine, na juu ya kila kimoja ndagala wamelala wanang'aa. Chini, mashine ikiunguruma, ikivuta upepo baridi mbele na kuutoa nyuma ukiwa moto, jambo ambalo mashine hizo hufanya zikifikiri sana. Na katikati ya vitanda alisimama Irakiza, tumbo liko mbele, jasho linamtiririka, akigeuza samaki kwa mikono miwili.

"Bamwana, umegeuza Bihogo yangu jiko," alisema Hagenimana.

Émérance alikuja akifuta mikono kwenye kitenge.

"Pole, Bamwana. Minye nililipa majani. Ndama haikuguswa, iko mu simu yako. Ile moto inatoka kila siku. Weye mwenyewe ulisema."

Alifungua mdomo. Nilingoja kwa hamu niliyoionea haya baadaye. Angekuwa mtu wa mjini angepiga kelele za mkataba na wakili. Lakini huyu ni mfugaji, na hakuna mfugaji anayeweza kumdai mchungaji maziwa aliyokwisha kumpa kwa mdomo wake. Alichopata kusema ni kwamba Irakiza asisimame sana na hali ile. Irakiza alimjibu bila kugeuka.

"Papa, siku ya jina ile ng'ombe itakuya?"

"Itakuya," alisema. Njiani kurudi hakutaja bei ya kitu chochote.

Nilimwonea huruma, sikufichi, na hasira zaidi kuliko huruma. Alizunguka kwa jamaa kuomba ng'ombe wa kuazima, na jamaa wote walikuwa wamewahi kushika dhahabu yake kwa viganja vyao na kusikia mahubiri yake. Walimpa chai. Vumbi la ndagala nalo lilikuwa limeziba zile feni, na mvua zilipokaribia kwisha mashine ilitoa moshi, ikanyamaza kabisa. Ndama akabaki ndani ya simu, yatima, chini ya kiwango.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya jina nilivaa gauni nililolishona mwenyewe, nikakaa karibu na dada yangu, nikamshika mkono kwa sababu ulikuwa baridi. Uwanja wa Émérance ulijaa. Waliimba, waliomba, mtoto akaitwa Tuyisenge. Soda zikagawiwa. Kisha kukawa na ule ukimya wa heshima, watu wakimgeukia babu wa upande wa mama, na shangazi mmoja wa Tuyizere akasema kwa utamu kwamba sasa tunasikiliza habari za Bihogo. Irakiza aliangalia chini. Alimbana mtoto kifuani kiasi kwamba mtoto alilia.

Hagenimana alisimama. Nilijua amejiandalia hotuba, maana aliifanyia mazoezi kibarazani kwangu: mambo ya soko, subira, na mashine ya pili. Alikohoa. Na kabla hajasema neno, ng'ombe akalia nyuma ya nyumba.

Tuyizere alimleta akimvuta kwa kamba, kahawia iliyokolea, pembe zimepakwa samli. Shemeji yangu angemtambua gizani. Émérance aliichukua ile kamba kwa mwanawe, akavuka uwanja, akamwekea Hagenimana mkononi kama mtu anayemrudishia mgeni kofia aliyoisahau. Baadaye nilijua kwamba Itangishaka alikuwa mteja wa Émérance wa ndagala, na kwamba ndiye aliyemwambia kuwa Bihogo bado yuko zizini kwake na anamuuza kwa bei gani.

Watu walipiga makofi. Kila kitu kilikuwa tayari kwa mwekezaji: ng'ombe mkononi, uwanja umejaa, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wachache. Alianza kumsifu Bihogo kwa maneno ya milimani, na hakuna anayemshinda kwa hilo. Aliinua kamba juu kama desturi inavyotaka. Ikampita puani, akanyamaza. Ile kamba ilinuka ndagala.

Aliinusa tena, mbele ya watu wote.

"Minye niliuzisha hii ng'ombe," alisema. "Nilinunua mashini. Hii ng'ombe imeletwa na Irakiza na mama mukwe wake, na mikono yao. Minye sikuleta kitu."

Shangazi wa Tuyizere alikuta kuna jambo la kutazama ndani ya soda yake. Dada yangu alilia, na mimi, niliyekuwa nimejiandalia maneno makali ya mwaka mzima, nililia zaidi yake.

"Hapana, Bamwana," alisema Émérance. "Minye nilichunga tu. Maziwa ilikuwa mingi."

Irakiza ndiye aliyeinuka. Alimwendea baba yake polepole, akaichukua kamba mkononi mwake, akamwekea mtoto mahali pake.

"Papa, kamata huyu," alisema. "Ng'ombe iko na kiu."

Akamvuta Bihogo kwenda kumnywesha maji. Hagenimana alibaki amesimama katikati ya uwanja na mjukuu wake, amemshika vibaya, kichwa cha mtoto kimeegemea kwenye mfuko wa shati wenye simu. Nilikuwa karibu kabisa naye. Alimtazama yule mtoto muda mrefu, na sikumsikia akisema kwamba bei itapanda.