Kichwa Kilichorudi Mezani

Jumapili iliyopita, hapa kwangu Kambarage, nilikuwa napekua simu bila kutafuta kitu, mara ikaniletea ile filamu ya kichwa. Nilisimama nikaenda kufunga mlango, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Mama alikuwa mkekani akimenya karanga, amekuja kunitembelea kutoka Kishapu. Nikapunguza sauti haraka, maana tangu utotoni nimemficha jambo moja kuhusu filamu hiyo, na wewe rafiki yangu utakuwa wa kwanza kuambiwa.

Tulikuwa Rwamgasa wakati huo, kwenye machimbo ya dhahabu, mimi niko darasa la nne. Mama alikuwa mama lishe, baba mchimbaji. Msimu mmoja wa mvua duara, yaani shimo la dhahabu, lilimfukia baba. Tukamzika kwao Kishapu, kisha tukarudi Rwamgasa, kwa sababu sufuria za mama na wateja wake walikuwa huko. Aliendelea kupika wali na maharage yake kama kawaida, lakini aliacha kuzungumza. Ukimsalimia, anaitikia kwa kutikisa kichwa. Nje makarasha, zile mashine za wachimbaji, yalisaga mawe kutwa nzima, na ndani kwetu ni kimya. Niliogopa sana kwamba mama naye ameondoka, kimebaki kiwiliwili kinachopika.

Basi nikawa natorokea bandani. Banda la video lilikuwa la magunia na turubai, na mabenchi ya mabanzi. Mbele palikuwa na televisheni moja na deki, na pembeni alikaa mtafsiri na kipaza sauti, akitugeuzia kila filamu kwa Kiswahili na kuchomekea ya kwake. Mama alinikataza kwenda kwa sababu ya matusi. Jumapili ile mchana nilijibanza benchi la nyuma, michembe mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa. Filamu ilikuwa ya CD mbili, na mtafsiri akaweka moja.

Kusema kweli hatukuelewa kitu. Ilianzia msibani. Bwana mmoja mnene amelala kwenye jeneza, kisha kichwa chake kikajichomoa, kikawa kinazurura nyumbani kikiomba supu. Mbuzi alikuwa anasoma gazeti, na hakuna aliyemshangaa. Unafungua kabati, unatokea sokoni. Na kila kichwa kilipojamba, mishumaa ya msiba ilizimika. Ulikuwa ujinga mtupu, nami nilicheka mpaka nikapaliwa na michembe.

Hapo mama akaingia na mwiko mkononi, kunifuata. Mvua ikashuka nyuma yake, akakwama, watu wakamsogezea nafasi. Kwenye kioo jeneza lilikuwa linashushwa kaburini. Banda zima likanyamaza, kwa sababu wote walimjua mama na walijua ametoka kumzika nani. Mtafsiri akanyoosha mkono azime. Kabla hajaifikia deki, kichwa kikachomoza juu ya udongo, kikajamba kwa kirefu.

Mama alikitazama.

“Hakina makalio,” akasema taratibu. “Kinajambia wapi?”

Watu walivunjika mbavu, na mama akacheka nao, mwiko ameukumbatia kifuani, machozi yanamtiririka. Kuanzia hapo sikutazama tena filamu, nilimtazama yeye. Sikutulia kabisa, kila picha ilipobadilika nilihofia itamrudisha kwenye kimya chake.

Katika CD iliyofuata yule bwana alikuwa mzima. Akanyoa ndevu, akacheza na mkewe, mwishowe wakaketi mezani, akainua kijiko huku anacheka. Picha ikaishia hapo. Mama akamuuliza mtafsiri kama mume ndiyo amerudi. Mtafsiri alikuwa ameshaitoa CD, anasoma maandishi yake, nami nilikuwa nimesogea karibu nikayaona. Ilikuwa CD ya kwanza. Alikuwa ametangulia kutuwekea ya pili. Akaifutia kwenye shati, akaitia mfukoni.

“Amerudi, mayo,” akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Jioni hiyo mama aliwapakulia wateja huku akiwasimulia habari za kichwa. Tangu siku ile akarudi kuzungumza.

Basi Jumapili iliyopita niliitazama yote kwa mpangilio wake, sauti chini. Matusi ni mengi kuliko nilivyokumbuka, na pale mezani, kipande ambacho CD zile hazikuwa nacho, bwana anapaliwa na chakula anakufa. Mwisho kabisa wanamfukia pamoja na kichwa, basi, harudi. Banda nalo halipo, mahali pake wanauza vipuri vya pikipiki. Mtafsiri alifuata dhahabu kwingine na sijapata kumsikia tena. Siku hizi kila mtu na simu yake, hakuna wa kukugeuzia mambo. Nimeikumbuka sauti yake kuliko filamu yenyewe.

Nilipoianzisha tena, mama alisikia, akaacha karanga. Akauliza kama ni ile ya kichwa, ya yule mume aliyerudi. Nikasema ndiyo. Akataka nimsogezee simu karibu, macho yake hayaoni vizuri tena. Nikaipeleka mbele hadi msibani, kama alivyotuwekea mtafsiri, nikaketi ubavuni kwake, kidole tayari kuirudisha mwanzo wakishamzika.